Pumzi ya Chumba

Video ya tatu nayo haikuomba baraka, na hilo ndilo lililomfanya doña Nidia akatae kula.

Sahani ya maharage ilikaa mbele yake mpaka ikapoa ikaganda juu. Inspekta Yamile Ossa alikaa upande wa pili wa meza, simu ya mama huyo mkononi, akaitazama tena video. Maryluz, binti wa pekee wa doña Nidia, nywele kazifunga nyuma, bahari nyuma yake, akitabasamu: "Mama, niko salama. Nimekuja pwani kupumzika kidogo. Usinitafute." Tangu Jumapili binti huyo hakuonekana Medellín, na kila asubuhi ilikuja video kama hiyo kutoka namba isiyojulikana.

"Sura ni yake," doña Nidia alisema. "Sauti ni yake. Hata hako kashavu anavyokavuta, ni yeye. Lakini Inspekta, mtoto wangu hajawahi kuagana nami bila kusema, 'Nibariki, mama.' Hata akitoka kwenda kununua maziwa. Hata siku tuliyogombana akanibamizia mlango, aliufungua tena akasema kwa hasira, 'Nibariki basi.' Sasa huyu ni nani?"

Yamile mwenyewe, pamoja na bastola yake na mvi zake, alikuwa hatoki nyumbani asubuhi bila kumpigia mama yake aombe baraka. Alijua kwamba mtu halisahau jambo hilo siku tatu mfululizo. Na kama si Maryluz aliyekuwa akisema, basi kuna mtu aliyeketi akamtengeneza. Mtu mwenye uwezo wa kumtengeneza Maryluz hana haja kubwa ya Maryluz aliye hai.

Alimwacha msaidizi wake, Duque, akae na mama huyo na simu yake. Yeye akapanda peke yake mpaka mtaa wa Prado, kwenye karakana alikofanya kazi Maryluz.

*

Karakana yenyewe ilikuwa nyumba ya zamani ya vigae, vyumba vimeuzunguka ua wa ndani, kuta nene za udongo. Humo ndimo walimotengeneza Telar, maana yake kitanda cha mfumi, kile cha kufumia nguo: programu ya kuwawezesha walimu, watu wa redio za vijijini na yeyote mwenye jambo la kueleza kutengeneza video, sauti na vitabu vya kwenye skrini. Maryluz ndiye aliyebuni uso wake wote, yaani ile sehemu mtu anayoiona na kuigusa.

Mwenye karakana, don Aníbal Cadavid, alimpokea mwenyewe langoni. Mzee nadhifu, sweta limening'inia mabegani, sauti ya upole. Aliwaruhusu wafanyakazi wote wabaki nyumbani, alisema, maana nani angefanya kazi na moyo uko hivi. Alikuwapo yeye tu, na Wbeimar Tabares, mhandisi wa programu, aliyemwita kwa ajili ya Inspekta.

"Funguo za nyumba anazo nani?" Yamile aliuliza.

"Za lango ninazo mimi. Ndani hatufungi kitu. Hapa kila kitu kiko wazi, Inspekta, ndiyo imani yetu."

"Maryluz alikuwa na ugomvi na mtu?"

Don Aníbal alivuta pumzi kama mtu anayelazimishwa kusema asilotaka. "Sipendi kumchongea mtu. Lakini wiki iliyopita yeye na Tabares walifokeana hapo uani mpaka majirani wakachungulia. Kisa programu. Tabares ni mtu mzuri, ila akishikilia neno lake, lo. Na anaishi karibu tu, Manrique."

Alisema hivyo, akamwonyesha chumba cha mikutano, akavuka ua kwenda ofisini kwake. Madirisha ya vyumba vyote viwili yalikuwa wazi kwa sababu ya joto. Mvua ilikuwa imetanda lakini haijaamua kunyesha.

*

Wbeimar Tabares alikuwa pande la mtu, ndevu mpaka kifuani, na jasho lilikuwa likimtiririka kabla hajaulizwa lolote. Yamile alifungua kinasa sauti chake, akakiweka mezani.

"Unaishi wapi, Tabares?"

"Manrique. Mtaa wa juu, karibu na kanisa."

"Peke yako?"

"Na paka."

"Paka anaweza kuthibitisha ulikuwa wapi Jumapili?"

"Inspekta, usinitanie. Nina hofu kweli."

"Hata mimi," Yamile alisema, na alikuwa hasemi uongo. "Niambie mligombania nini."

Wbeimar aligeuza kompyuta yake ili amwonyeshe. Kwenye skrini kulikuwa na vipande vya rangi, kila kimoja na matundu pembeni na vijiti vya kuchomeka kwenye matundu hayo.

"Kila kipande kina kazi moja," alisema. "Hiki uso. Hiki sauti. Hiki maneno unayoyaandika ili sauti iyatamke. Hiki mandhari: ukitaka mlima, mlima, ukitaka bahari, bahari. Na hiki sauti za mahali hapo: mawimbi, ndege, upepo. Kila kimoja kinapokea kitu upande huu na kutoa kitu upande ule. Hakijui jirani yake ni nani. Ndiyo sababu unaweza kuviunga upendavyo, ukachukua kazi niliyoifanya mimi, ukaitumia yote kama kipande kimoja ndani ya kazi yako. Ni kama arepa. Mkate ni ule ule wa mahindi. Unachoweka juu, shauri yako."

"Na uso wa Maryluz ni kimoja cha vipande hivyo?"

Wbeimar alimeza mate. "Uko kwenye ghala la majaribio. Na sauti yake. Alijitolea mwenyewe, hakutaka tuchezee uso wa mtu ambaye hakuulizwa. Yeyote wa humu ndani anaweza kuvichukua."

"Na mtu wa nje?"

"Mtu wa nje hawezi. Nje ya ghala hilo, sauti ya mtu yeyote imefungwa kwa kufuli alilolibuni Maryluz. Kila ukitaka kuitumia, mashine inachagua sentensi papo hapo, na mwenye sauti lazima aisome kwa kinywa chake. Asiposoma, kipande hakifunguki. Na kulitoa kabisa hilo kufuli, lazima Maryluz mwenyewe aseme, kwa kinywa chake."

"Nani aliyelichukia kufuli hilo?"

Mtu yule alitupa jicho dirishani, ng'ambo ya ua, kisha akarudisha macho kwenye skrini. "Siyo mimi," alisema kwa sauti ya chini. "Kuna wanunuzi wanakuja kesho. Wanataka programu bila kufuli. Watu wa kampeni za siasa. Zaidi ya hapo sijui, na nina kazi moja tu, Inspekta."

Yamile aliliweka hilo akilini, lakini hakumpa nafasi ya kupumua. "Rudi kwenye ugomvi."

"Tundu tupu. Tuligombania tundu tupu." Aliona Inspekta hakuelewa. "Mwalimu anatengeneza somo, anasahau kuchomeka kipande kimoja. Programu ifanye nini? Mimi nilisema isimame, imwambie hapa umekosea. Maryluz akasema mwalimu wa kule Urabá akiona maandishi mekundu, anafunga kompyuta na harudi tena. Alitaka kila tundu tupu lijijaze lenyewe kwa kitu kinachofaa. Nikamwita mdanganyifu. Akaniita askari wa magereza. Tukapigiana kelele, basi. Don Aníbal akatoka, akaamua: tundu la sauti za mahali likiachwa tupu, patoke ukimya. Likaisha."

Yamile aliegemea mbele. Sasa alitoa kile alichokificha tangu asubuhi.

"Maabara wameisikiliza video ya Jumatatu, Tabares. Wameinua sauti ya chini kabisa, ile isiyosikika kwa sikio. Bahari iko nyuma yake, lakini bahari haisikiki. Kinachosikika ni honi ya muuza mazamorra. Sijui kule pwani kama watu wanauziwa uji wa mahindi kwa baiskeli yenye honi. Najua Manrique wanauziwa. Na hapa Prado, chini yake."

Alitarajia mtu yule akane, au alie. Badala yake Wbeimar alibaki mdomo wazi.

"Honi," alirudia. "Ndani ya video?"

"Ndani ya video."

"Basi aliyeitengeneza aliacha tundu la sauti za mahali tupu." Aliinama, akashusha sauti. "Inspekta, sikiliza. Siku ya pili baada ya ule ugomvi, Maryluz aliubadilisha uamuzi wa bosi. Alisema ukimya wa kompyuta hausikiki kama ukimya, unasikika kama mtu amekufa. Basi tundu la sauti za mahali likiachwa tupu, programu inafungua maikrofoni ya kompyuta hiyo hiyo inayotengeneza video, inavuta sauti kidogo ya chumba, inaiweka chini ya maneno. Aliita pumzi ya chumba. Aliniambia mimi peke yangu, kunipatanisha. Tulicheka. Bosi hakuambiwa."

"Kwa hiyo aliyetengeneza video anaamini kwamba akiacha tupu, panatoka ukimya."

"Ndiyo."

"Au anajua, kama wewe unavyojua, na anajifanya hajui."

Wbeimar aliinua uso. Machozi yalimlenga, na Yamile hakuweza kusema kama yalikuwa ya mtu asiye na hatia au ya mtu aliyenaswa. Miaka yote ya kazi hii ilikuwa haijamfundisha kutofautisha machozi.

Hapo simu yake ikaita. Alikuwa Duque, na nyuma yake doña Nidia alikuwa akilia kwa sauti nzito, sauti ya mtu aliyejizuia kwa siku nyingi.

"Imekuja nyingine, bosi. Sasa hivi. Nakutumia. Siipendi kabisa hii."

*

Safari hii Maryluz alikuwa na milima nyuma yake. Alitabasamu lile tabasamu lile lile, kashavu kale kale. "Mama, kesho nasafiri mbali. Nimepata maisha mengine. Usinisubiri tena. Nakupenda."

Nibariki haikuwapo.

Video za kwanza zilisema usinitafute. Hii ilisema usinisubiri. Mtu anayemweka binti hai hana haja ya kuaga kwa niaba yake. Wanunuzi walikuwa wanakuja kesho. Kufuli lingefunguliwa kesho au leo, na baada ya hapo Maryluz angekuwa mzigo tu.

"Inua sauti ya chini," alimwambia Wbeimar. "Kama maabara walivyofanya. Unaweza?"

"Naweza."

Alichomeka jozi mbili za vipokea sauti vya masikioni, wakavaa kila mtu vyake. Wbeimar aliyasukuma maneno ya Maryluz chini mpaka yakawa mnong'ono, akakipandisha kilichobaki. Kwanza mvumo tu. Kisha, kwa mbali, sauti ya mwanamke.

*Unaishi wapi, Tabares?*

*Manrique. Mtaa wa juu, karibu na kanisa.*

*Peke yako?*

*Na paka.*

Wakatazamana. Yamile alikuwa amewahi kuingia nyumba zenye maiti, amewahi kuelekezewa bunduki kwenye ngazi za mitaa ya Comuna, lakini hakuwahi kuogopa kama alivyoogopa hapo, kusikia swali lake mwenyewe likitoka chini ya tabasamu la binti aliyepotea. Video hiyo ilitengenezwa katika nyumba hii, wakati yeye yumo, mwenye kuitengeneza anamsikia akiuliza. Na Tabares alikuwa mbele yake muda wote, akijibu.

Alibaki mtu mmoja tu ndani ya nyumba.

"Siyo wewe," alinong'ona.

"Nilikwambia," Wbeimar alinong'ona naye, na akaanza kulia kweli kweli, bila sauti, mabega yakipanda na kushuka.

"Nyamaza. Rudisha nyuma. Kuna kitu kingine."

Kilikuwapo. Sauti zao zilikuwa mbali, zimevuka ua na kupitia dirishani. Lakini karibu na maikrofoni, karibu mno, kulikuwa na kishindo kizito. Kimya. Kishindo tena. Kama mtu anayepiga mbao kwa kiganja, mtu aliyechoka, anayepumzika katikati.

"Mafundi?" Yamile aliuliza, ingawa alijua.

"Leo hakuna fundi hata mmoja." Wbeimar alijifuta uso na ndevu zake. "Ofisi ya bosi ndiyo ilikuwa studio yetu ya zamani. Kulikuwa na kibanda cha kurekodia ndani ya ukuta, mbao na sufu, mtu akipiga kelele humo husikii, labda kishindo tu kwenye mbao. Tulipopata studio mpya, alituambia amekibomoa. Akaweka kabati la vitabu mbele yake."

Basi yule mzee alikuwa akikaa hapo mezani kwake, akisikia vile vishindo mgongoni, akichagua mlima badala ya bahari.

Alimwandikia Duque maneno machache: doria waje karakana mara moja, wasipige king'ora, na simu ya mama ibaki wazi, asiikate hata kidogo. Akapiga namba ya doña Nidia, akaitia simu mfuko wa kifuani bila kuizima. Alikuwa hajamaliza kufunga kifungo cha mfuko aliposikia vikombe.

Don Aníbal alikuwa amesimama mlangoni na sinia mikononi: kahawa, na mikate ya jibini kwenye sahani. Macho yake yalitoka kwenye vipokea sauti vya Yamile, yakaenda kwenye vya Wbeimar, yakaenda kwenye skrini.

"Mnasikiliza nini?" aliuliza kwa upole ule ule.

Mtu huyu akistuka, angerudi ofisini kabla yao, na Yamile hakutaka kujua nini kilichokuwa ndani ya droo za ofisi hiyo. Wbeimar aliganda kama sanamu, na kila kitu kilikuwa kimeandikwa kwenye uso wake mkubwa. Mtoto angeweza kukisoma.

Kwa bahati, uso wa mtu aliyegundua unafanana sana na uso wa mtu aliyekamatwa.

"Honi ya muuza mazamorra," Yamile alisema, akavua vipokea sauti taratibu. "Ndani ya video. Ametengenezea nyumbani kwake, mpumbavu huyu. Ulisema kweli, don Aníbal. Simama, Tabares. Mikono nyuma."

"Inspekta?" Wbeimar alisema.

"Mikono nyuma, nimesema. Usinizungushe."

Alimfunga pingu kwa sauti, ili zisikike, na kwa kidole akamminya kiganja mara mbili. Hakujua kama alielewa. Don Aníbal alitua sinia mezani, na kitu fulani kikalegea usoni mwake, kidogo tu, kama mtu aliyevua kiatu kinachombana.

"Masikini," alisema. "Na yeye Maryluz? Amesema yuko wapi?"

"Atasema kituoni. Gari la doria linapanda sasa hivi. Nikuombe jambo moja, mzee wangu: ukatufungulie lango, maana funguo unazo wewe, na mimi siwezi kumwacha huyu."

Alisitasita. Alitazama ng'ambo ya ua, kwenye ofisi yake, kisha akagusa mfuko wa suruali. Yamile aliiona hesabu hiyo yote. Mikono miwili ya mzee ilikuwa kwenye sinia alipotoka ofisini; hakuweza kuufunga mlango kwa ufunguo. Sasa alikuwa akijiuliza kama arudi kuufunga kwanza.

"Watagonga lango mpaka waliharibu," Yamile alisema. "Ni vijana, hawana adabu."

Hilo lilimfanya aende. Nyayo zake zilipotea kwenye korido ndefu ya mbele, na wakati huo huo mvua ikaamua, ikaanguka juu ya vigae kwa kishindo.

"Ulielewa?" Yamile alikuwa akimfungua pingu.

"Niliomba Mungu iwe hivyo," Wbeimar alisema.

Wakavuka ua mbio.

*

Ofisi ilinukia kahawa na nta ya mbao. Kompyuta ya don Aníbal ilikuwa wazi mezani, na humo Maryluz alikuwa akitabasamu, anaanza, anamaliza, anaanza tena: "Mama, kesho nasafiri mbali. Nimepata maisha mengine." Mzee hakuizima, alikuwa akiitazama, pengine akiifurahia.

Kabati lilikuwa la mbao ngumu, limejaa vitabu vya heshima ambavyo hakuna aliyevisoma. Wbeimar aliliwekea bega. Halikusogea. Akaweka bega tena, akanguruma, na miguu ya kabati ikakwaruza vigae. Nyuma yake palitokea mlango mnene uliofunikwa ngozi iliyochanika, na juu yake komeo jipya kabisa.

Yamile alipiga mlango kwa kiganja. Alisikiliza. Mvua ilikuwa ikipiga vigae, na nyuma yake sauti ile ikiendelea: "Usinisubiri tena. Nakupenda." Hakusikia kishindo chochote kutoka ndani. Alipiga tena, kwa ngumi. Kimya.

Tumechelewa, aliwaza. Amekwisha.

"Nani aliyewaruhusu?"

Don Aníbal alikuwa amesimama uani, mvua inamlowesha sweta, funguo mkononi. Upole ulikuwa umemtoka wote. Hakuwa na silaha, lakini alikuja moja kwa moja, haraka, kwa hasira ya mtu aliyezoea kutiiwa nyumbani kwake. Wbeimar alijaza mlango wa ofisi kwa mwili wake.

"Toka, Tabares. Nimekulisha miaka sita."

"Sitoki, bosi."

"Wewe si mtu wa haya mambo. Toka."

"Sitoki," Wbeimar alisema, na sauti yake ilitetemeka kama ya mtoto, lakini miguu haikusogea. Nyuma ya don Aníbal, kwenye korido, viatu vya askari vikasikika vinakuja mbio. Mzee alikuwa amewafungulia lango kwa mkono wake mwenyewe.

Yamile hakugeuka kutazama. Alivuta komeo. Lilikuwa gumu, lilimkata kidole, likatoka. Mlango ulifunguka nusu, ukatoa joto na harufu ya mkojo, na giza. Alimulika tochi. Sufu iliyong'olewa ukutani. Chupa ya maji. Miguu miwili isiyo na viatu.

Miguu haikutikisika.

"Mama, kesho nasafiri mbali," ilisema sauti ya Maryluz.

Yamile aliruka. Ilitoka kibandani au ilitoka mezani? Hakuweza kujua. Alisimama hapo, akiogopa kupiga hatua, akiogopa kwamba kilichobaki duniani cha binti huyo ni ile sauti tu, na kwamba mama yake, kwenye simu mfukoni, alikuwa akiisikia.

"Zima!" alipiga kelele. "Tabares, zima kitu hicho!"

Wbeimar aliiendea kompyuta, akaifunga kwa kiganja.

Sauti ikakatika. Ikabaki mvua, na askari wakimwambia mzee atulie. Yamile alipiga magoti, akaushika mguu mmoja. Ulikuwa wa moto. Mguu ukavutwa, kwa hofu.

"Ni polisi," alisema. "Maryluz, ni polisi. Niko na mama yako hapa kwenye simu."

Kutoka gizani ilitoka sauti ambayo haikufanana na ile ya kwenye video hata kidogo: kavu, iliyokwaruzika, sauti ya mtu aliyepiga kelele mpaka koo likakataa.

"Mama?"

Yamile aliitoa simu mfukoni, akafungua spika, akaishika mbele.

"Ni wewe," doña Nidia alisema taratibu, "au ni kile kitu?"

Mkono mchafu, kucha zimevunjika, ulitoka gizani ukaishika simu pamoja na vidole vya Yamile.

"Nibariki, mama."

Yamile alikuwa ameketi sakafuni, na alisikia kwenye simu pumzi ya jikoni kule ng'ambo ya mji, kiti kikisogezwa, mwanamke akijaribu mara mbili kuanza neno.

"Mungu akubariki, mwanangu," alisema doña Nidia. Kisha wakamsikia akimwambia Duque awashe jiko, ayapashe moto yale maharage.